Oili ya Difu ya Nyuma

Mara ya nne Landrova ya Maundu ilipovuja oili, mwenyewe hakumwita fundi. Alimwita shemeji yake, akamwambia arudishe ufunguo.

Ilikuwa asubuhi, sokoni Ekalakala, na foleni ya mitungi ilikuwa imeshapinda kona ya duka la nafaka. Mwaka ule wa 2000 mvua ilikuwa imewakwepa misimu miwili. Kila siku redio ilisoma ratiba ya zamu za kukatwa umeme, na watu wa Ekalakala, ambao hawakuwa na umeme wa kukatiwa, waliisikiliza kama wanaosikiliza habari za harusi ya tajiri. Wao walikosa maji. Maji yalikuja na Landrova ya Maundu, gari kuukuu la mnada wa serikali, mapipa manne kwa safari moja kutoka bwawa la Masinga. Dereva alikuwa Titus, ndugu mdogo wa Kamanthe, mke wa Maundu.

"Nilijaza lita mbili Jumatatu," Maundu alisema, akielekeza kidole kwenye doa jeusi chini ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma. "Leo ni Alhamisi, na difu iko karibu kavu. Oili imeenda wapi?"

"Si hiyo hapo chini, shemeji?"

"Hiyo ni kijiko. Mimi nauliza lita mbili."

"Nyingine inamwagika njiani. Gari inavuja ikitembea."

"Na kale kajerikeni ulitoka nako kwa fundi Erastus juzi? Kalikuwa na uji?"

Titus aliangalia foleni kabla ya kujibu. "Ilikuwa oili chafu. Fundi alinipa nipake nguzo za nyumba yangu. Mchwa wananimaliza."

"Mmesikia?" Maundu aliwageukia watu. "Nguzo za huyu zinakunywa oili kuliko gari!"

Watu walicheka. Ukiwa umesimama tangu alfajiri na mtungi mtupu, unacheka chochote. Kamanthe, aliyekuwa kando ya mapipa akishika mpira wa maji, naye alitabasamu, kwa mazoea tu ya mke mume wake anapotania, kabla hajatambua anayechekwa ni nani. Alipotambua, Titus alikuwa ameshamwona.

Kijana aliweka ufunguo juu ya boneti, akajipangusa mikono kwa suruali, akaenda zake kwa miguu.

"Na afadhali aende," mama mmoja alisema, akisukuma mtungi wake mbele kwa mguu. "Leo oili, kesho atauza magurudumu."

Neno lilikuwa limeshatoka. Hakuna aliyelisema kwa sauti, lakini kufikia saa sita lilikuwa limezunguka soko zima: Titus ni mwizi.

*

Jumamosi Kamanthe alikwenda kwa mama yake, ng'ambo ya korongo kavu. Mbuzi watatu walikuwa wamefungwa kwenye ua, na aliwajua. Walikuwa mbuzi wa ntheo, wale ambao bila wao Mkamba hawezi kusema ameoa. Wiki mbili zilizopita Titus alikuwa amewapeleka Masinga kwa kina Nzisa, mchumba wake, na shangazi wawili walikuwa wamewaimbia njia nzima.

"Wamerudije?" aliuliza.

Mama yake, Mukai, alikuwa akipepeta pojo. Hakuinua kichwa. "Walirudishwa. Baba yake Nzisa ametuma mtu. Ati mbuzi wapumzike kwetu kwanza. Ati kuna mambo amesikia."

"Mambo gani?"

"Kwani wewe unaishi wapi, mwanangu? Si huko kwa mwenye gari?"

Titus alikuwa nyuma ya nyumba aliyokuwa akijijengea, na nguzo zake zilikuwa nyeusi ti kutoka chini mpaka magotini. Kamanthe alizigusa, zikamwachia mafuta kidoleni, mazito na yenye harufu ya moto wa zamani.

"Uliamini?" Titus aliuliza.

"Sikuamini."

"Ulicheka."

"Nilicheka, Titus. Sikujua nacheka nini."

"Sasa mimi nifanye nini? Nitembee soko nzima nikionyesha watu nguzo?" Alipiga nguzo moja kwa kiganja. "Nzisa amesema atangoja. Lakini baba yake hangoji. Akisema hapana mara ya pili, ni hapana."

Kamanthe alirudi kwake akiwa na hesabu moja kichwani. Siku mbili sasa Titus hakuwa amelikaribia gari lile. Kama yeye ndiye aliyekuwa akiuza oili, basi oili ingekaa.

*

Oili haikukaa. Jumatano iliyofuata doa lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, na aliyekuwa akiendesha ni Maundu mwenyewe.

"Baba Mutanu," Kamanthe alimwambia mumewe, "wiki karibu iishe Titus hajaigusa hii gari."

"Aliiharibu kabla hajaenda."

"Aliharibu nini?"

"Ningejua ningekuwa nimetengeneza."

Erastus fundi alikuwa ameshabadilisha sili ya difu, ule mpira unaozuia oili isitoke, mara tatu, Februari, Mei na Julai, na kila mara iliziba wiki moja au mbili, kisha machozi yakaanza upya. Maundu alikuwa amechoka kulipia mpira wenye ukubwa wa kikombe. Kamanthe alimsikiliza akilalamika, kisha akaingia ndani, akatoka na mfuko wa vipande vya chaki. Alikuwa mwalimu wa chekechea, shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Agosti, na muhula mzima alikuwa akiviokota vipande hivyo sakafuni kwa sababu hakupenda kutupa kitu. Alivisaga juu ya jiwe mpaka vikawa unga. Akaingia chini ya gari na tambara na mafuta ya taa, akaosha ekseli yote ya nyuma mpaka chuma kikaonekana, akaipaka ule unga.

Miguu ya Maundu ilisimama kando ya gurudumu. "Unaipaka gari poda? Inaolewa?"

"Nataka kuona inalilia wapi."

"Inalilia kwa sili. Kila mtu anajua."

"Basi poda haitaidhuru. Leo naenda na wewe Masinga."

Mumewe angemkatalia, lakini mpira wa maji huko bwawani ulihitaji mtu wa kuushika, na mtu huyo alikuwa amefukuzwa.

Walipofika kilimani, katikati ya njia, Kamanthe aliomba wasimame. Alichungulia. Unga ulikuwa mweupe, mkavu. Bwawani maji yalikuwa yamekimbia mbali sana na ukingo wa zamani. Ilibidi gari lipite juu ya matope yaliyopasuka kama unyayo, kisha Maundu akalirudisha nyuma ndani ya maji mpaka ekseli ya nyuma ikazama. Hivyo ndivyo walivyofanya wote wenye magari ya maji mwaka ule, ili kuchota bila kutembea. Ekseli ilikuwa bado moto. Ilipogusa maji ilitoa sauti ya chuma cha mhunzi.

Wakarudi na mapipa yaliyojaa, gari likipanda kwa gia ya chini, likinguruma. Juu ya kilima Kamanthe aliomba tena wasimame.

"Nitachelewa, Mama Mutanu. Watu wanangoja."

"Dakika moja."

Maji yalikuwa yameosha unga upande wa chini, lakini juu ulikuwa umeshika, na sasa ulikuwa na mistari. Mmoja ulianzia mahali ambapo propela, mtaimbo unaozunguka kutoka kwenye gia, inaingia kwenye difu. Wa pili ulikuwa mbali, ukitoka ndani ya gurudumu la kushoto. Kamanthe alilala pale vumbini, kitambaa cha kichwa kikiwa kimemtoka, akaitazama mistari ile miwili muda mrefu. Sili ya difu ilikuwa na wiki tano. Ya gurudumu ilikuwa ya tangu gari linunuliwe. Mzee na mtoto mchanga wameuguaje siku moja?

Aliwaza sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukoboa yanayochemshwa nusu siku. Ukiifunika na nailoni kisha kifuniko, ukaweka jiwe juu, mvuke hautulii humo ndani. Unatafuta upenyo wowote, na mchuzi unamwagikia moto. Ukibadilisha kifuniko mara tatu hujasaidia kitu. Tatizo haliko kwenye kifuniko.

*

Erastus alikuwa na gereji ya mabati mawili na mwembe wa kivuli. Kamanthe alimpelekea gari mchana ule Maundu alipolala kidogo, akalisimamisha mbele yake injini ikiwa bado na joto. Fundi alipangusa mikono polepole, kwa kuwa alikuwa na kinyongo.

"Mwalimu, ukinirudishia tena hii sili, heri unirudishie na spana zangu. Nimeibadilisha mara tatu. Sina mkono mwingine."

"Sili yako ni nzima, Erastus. Lakini inasukumwa. Kuna kitu ndani kinataka kutoka."

Alimweleza mistari miwili. Alimweleza na sufuria, huku akiona aibu kidogo kumfundisha makanika kazi kwa muthokoi. Erastus hakucheka. Alichukua spana, akaingia chini, akaanza kulegeza kizibo cha kujazia oili.

Difu ilipumua. Fssss, pumzi ndefu ya mtu aliyezibwa mdomo tangu Februari, na oili ikamrukia Erastus kifuani. Haikuwa nyeusi. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Woi!" Erastus alisema kutoka chini. "Woi, mwalimu. Hii imeshikwa pumzi. Na iko na maji ndani."

Alipeleka mkono juu ya ekseli, mahali ambapo macho hayafiki, palipofunikwa na tope gumu la miezi. Akakwaruza.

"Hapa kuna pua," alieleza. "Ekseli ikipata moto, hewa ya ndani inafura, inatokea hapa. Hii pua ikizibwa, hewa itatokea kwa sili, na itatoka na oili. Halafu nyinyi mnaiingiza kwa maji baridi ikiwa hivyo moto. Hewa inajikunja, inaanza kuvuta. Sasa itavuta nini huko bwawani? Ni maji." Alivuta kitu, akakitoa kwa nguvu. "Na si tope limeziba. Kuna mtu ameifunga."

Kilikuwa kipande cha mpira wa buluu, kimekatwa kwa kisu na kukazwa kwa waya mara tatu. Kamanthe alikipokea. Alikifuta kwa kidole gumba, akaona ua dogo jeupe lililochapwa juu yake. Ilikuwa ndara yake ya kushoto. Tangu Februari alikuwa akimlaumu mbwa.

Erastus alitoka chini, akakaa juu ya gurudumu. "Mimi pia ni mjinga, mwalimu. Nilitibu kidonda mara tatu bila kuuliza nani anapiga."

Alifungia ile pua mpira mrefu mwembamba, akaupandisha mpaka nyuma ya kabini, juu kuliko maji yoyote ya Masinga. Akamwaga chai ile ya maziwa, akajaza oili mpya. Siku iliyofuata gari lilikwenda bwawani mara tatu. Alhamisi jioni, mchanga chini yake ulikuwa mkavu.

*

"Ulikata ndara yangu," Kamanthe alisema.

Maundu alikuwa kwenye benchi mlangoni akivua viatu. Aliutazama ule mpira mkononi mwa mkewe, akaendelea kuutazama hata baada ya kuuelewa.

"Nilikuwa nazuia maji yasiingie," alisema mwishowe.

"Najua."

"Bwawa lilianza kurudi nyuma. Niliona tutaingia ndani zaidi. Nikaona kale katundu, nikasema maji yatapitia hapo. Nilifikiri, Mama Mutanu. Sikukurupuka."

"Najua ulifikiri."

Na alijua kweli. Aliiona mikono yake iliyopasuka kwa waya na baridi ya alfajiri, akamwonea huruma, na huruma hiyo ingeweza kumaliza mambo pale pale kama mumewe hangeuliza alilouliza.

"Nani mwingine anajua?"

"Erastus."

"Erastus ni mtu wangu, atanyamaza." Maundu aliweka viatu sawasawa chini ya benchi, kimoja karibu na kingine, kama kwamba hilo ndilo lililohitaji kupangwa. "Sikiliza. Jumapili nimemwita kaka Ndambuki na mama yako, tukae. Nilitaka Titus alipe. Sasa halipi kitu. Nitamsamehe mbele yao, arudi kwa gari. Hata mshahara nitamwongeza. Iishe."

"Utamsamehe nini?"

"Usianze."

"Nauliza. Baba yake Nzisa atasikia Titus amesamehewa. Atasikia amesamehewa nini?"

"Unataka nisimame mbele ya mama mkwe niseme mimi ni mjinga? Mbele ya mama mkwe, Kamanthe?"

Hakuwa amemwita jina lake tangu mtoto wao Mutanu azaliwe. Kamanthe alilisikia, na alielewa uzito wake. Mkwe ni mkwe. Miaka kumi na miwili Maundu na Mukai hawakuwahi kukaa benchi moja wala kubadilishana neno uso kwa uso. Heshima yao ilikuwa ya kuangaliana pembeni. Kumvua mwanamume nguo mbele ya mkwewe ni jambo ambalo watu hawalisahau hata mvua ikirudi.

"Mwambie wewe," alisema. "Kwa maneno yako, vile unataka. Sema ulizuia maji, ikaenda vibaya. Ukisema wewe, mimi nitamimina chai tu."

Maundu aliinuka, akaingia ndani bila viatu.

*

Jumapili, baada ya kanisa, walikaa chini ya paa la baraza. Ndambuki, kaka mkubwa wa Maundu na mzee wa kanisa, alikuwa kwenye kiti cha kuegemea, bado na tai. Mukai alikaa upande wa mbali, shuka likiwa mabegani, akiwa ameupa mgongo nusu upande wa mkwewe. Titus alikaa kwenye mtungi uliogeuzwa, kwa kuwa viti vilikuwa vimeisha. Kamanthe alikuwa amesimama na birika.

Maundu alikohoa. "Kaka, mimi si mtu wa maneno mengi. Kulikuwa na jambo la oili. Limetusumbua. Lakini huyu ni ndugu ya mke wangu, ni damu ya nyumba hii." Alisimama kidogo. Kamanthe alishusha birika. Mumewe alimtazama, kisha akatazama miguu yake mwenyewe. "Kwa hivyo mimi nimemsamehe. Arudi kazini kesho. Hiyo nimeifuta kabisa."

"Amina," Ndambuki alisema. "Huo ndio ukubwa."

Titus aliinuka kwenye mtungi wake. Alitia mikono nyuma, kama mtoto wa shule. "Asante, shemeji," alisema. "Asante sana."

Ni ile asante. Kamanthe angeweza kuvumilia mengine yote, hata Amina ya Ndambuki. Lakini kumwona mtu akishukuru kwa kusamehewa kosa ambalo hakulifanya, akiinamisha kichwa chake kizima kilichonyolewa kwa ajili ya kikao, hilo lilimshinda.

"Kaa chini, Titus," alisema. "Hujaiba kitu. Hakuna aliyeiba. Difu ilikuwa na pua, na Baba Mutanu ndiye aliyeiziba mwezi wa pili ili maji yasiingie. Oili ikawa inasukumwa nje. Erastus ameizibua, na tangu Alhamisi gari halijadondosha tone. Baba Mutanu anajua. Nilimwambia siku hiyo hiyo."

Kuku mmoja alipita katikati yao akidonoa, na wote wakamtazama kuku.

Mukai ndiye aliyesema kwanza, na hakusema na mkwewe. Alisema na Ndambuki, sauti yake ikiwa chini. "Mzee, mwambie mwenye nyumba nimesikia. Simuulizi neno. Ila huko Masinga kuna mtu ambaye amesikia tofauti, na mbuzi wangu watatu wamefungwa."

"Hilo litafanyika," Ndambuki alisema haraka. "Mimi na ndugu yangu tutaenda wenyewe kwa baba ya msichana, tuseme haikuwa wizi. Nakupa neno langu." Kisha akamgeukia Kamanthe, na uso wake ukabadilika. "Lakini hatutatoka hapa hivi. Mama Mutanu, ukweli uko na mahali pake. Umemvunja bwana yako mbele ya mkwe wake. Huyu atatembeaje? Mwombe msamaha hapa hapa, sisi tufunge kwa maombi, halafu twende Masinga. Bila hiyo, mimi siendi popote, na yeye haendi."

Maundu alikuwa ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili, jasho likimtoka shingoni, na hakumtazama mtu yeyote. Alionekana mdogo. Kamanthe aliona hivyo, na moyo ukamuuma, wala hakujidanganya kwamba hauumi.

"Dada," Titus alinong'ona. "Sema tu. Ni neno moja. Mimi nimesema asante, wewe sema pole. Twende."

Hata mama yake alikuwa akimtazama sasa, na macho yake yaliomba kitu kile kile.

Kamanthe aliweka birika mezani.

"Kesho asubuhi mimi na Erastus tutakuwa Masinga kwa baba yake Nzisa, tumweleze wenyewe. Atakayetaka kuja nasi aje," alisema. "Lakini msamaha siombi. Nilimpa siku tatu aseme yeye. Titus alichekwa mbele ya soko zima, na hakuna mtu hapa aliyeambiwa aombe msamaha kwa hiyo. Kwa hivyo funga kwa maombi, mzee, ama usifunge. Mimi siombi."